Picha Imekata, Fundi: Maswali na Majibu ya Marudio Kuhusu Nyaya za Picha

Marudio haya ni ya wanafunzi wa ufundi wa elektroniki wanaojiandaa na mtihani wa nadharia na wa vitendo. Yameandikwa kwa kumfikiria fundi anayeanza kazi Mdandu, wilayani Wanging'ombe, si yule ambaye duka la vifaa liko mlango wa pili. Kwa fundi wa Mdandu, waya ulionunuliwa kwa kubahatisha ni nauli ya kwenda Makambako au Njombe na kurudi, na mteja anashinda siku nzima mbele ya skrini nyeusi. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanarudi palepale: pima kwanza, badilisha kitu kimoja, ndipo utamke kilichoharibika.

Funika jibu, andika lako kwenye daftari, kisha linganisha. Ukikosea, usifute, andika pembeni kwa nini ulikosea.

SEHEMU A: MISINGI

Swali la 1. Taja nyaya nne za picha zinazokutwa kwenye seti ya nyumbani au kwenye kibanda cha video, na ueleze kila mmoja unabeba nini.

Jibu:
(a) Waya wa dishi. Una uzi mmoja katikati, plastiki nyeupe, wavu wa nje na ngozi. Unaleta mawimbi kutoka kwenye LNB (kipokezi kilicho mbele ya dishi) hadi king'amuzi, na papo hapo unapeleka umeme mdogo kutoka king'amuzi hadi LNB.
(b) Waya wa rangi tatu, maarufu kama waya wa AV. Njano ni picha. Nyeupe na nyekundu ni sauti ya kushoto na ya kulia.
(c) Waya wa HDMI. Unabeba picha na sauti kwa pamoja katika mfumo wa dijitali. Kichwa chake kina pini 19.
(d) Waya wa VGA. Ni wa kompyuta na projekta, una pini 15 katika safu tatu, na hubeba picha tu. Sauti lazima ipite njia nyingine.

Kosa la watahiniwa: kuandika kwamba waya wa dishi "unaleta picha" na kuishia hapo. Ukisahau umeme unaopanda kwenda kwenye LNB, utashindwa Swali la 12.

Swali la 2. HDMI ilitangazwa mwaka 2002. Kwa nini waya wa njano bado umejaa majumbani?

Jibu: Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia usiku wa 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam. Watu wengi walinunua ving'amuzi huku TV zao zikiwa zilezile za chogo, ambazo hazina tundu la HDMI. King'amuzi na chogo viliunganishwa kwa waya wa rangi tatu. Chogo likastaafu, likaja flati, lakini mara nyingi waya ulibaki uleule, kwa sababu picha ilikuwa inaonekana na hakuna aliyeona haja ya kuugusa. Fundi akikuta flati kubwa inayotoa picha yenye ukungu kama dirisha la Julai, atazame kwanza nyuma: je, kuna waya wa njano mahali ambapo HDMI ingetosha?

Swali la 3. Eleza tofauti ya namna waya wa analojia na waya wa dijitali unavyoonyesha ubovu wake.

Jibu: Waya wa analojia hudhoofika polepole. Rangi hupauka, chenga huingia, mistari hutembea, lakini mtu bado anamwona mchezaji. Waya wa dijitali huvumilia kimya kimya hadi unapofika ukingoni, kisha huanguka ghafla. Kabla ya kuanguka hutoa dalili fupi: vidoti vyeupe vinavyometameta kwenye picha ya HDMI, vipande vya mraba vilivyoganda kwenye picha ya king'amuzi, au skrini kuwa nyeusi sekunde mbili na kurudi. Dalili hizo zina maana kwamba waya unaelekea kushindwa, hata kama mteja anasema "si inaonyesha tu".

Swali la 4. Andika KWELI au SI KWELI, kisha toa sababu.

(i) Waya wa HDMI wa bei kubwa hutoa rangi nzuri kuliko wa bei ndogo.
SI KWELI. Kama nyaya zote mbili zinafikisha data yote bila kosa, picha ni ileile. Waya bora unalipiwa uimara, urefu na uwezo wa kubeba data nyingi zaidi.

(ii) Kichwa cheupe kikichomekwa kwenye tundu la njano kitaunguza TV.
SI KWELI. Hutapata picha ya maana, basi. Tena kwa umbali mfupi waya mweupe mzima unaweza kutumika mahali pa wa njano kwa ajili ya kupima. Picha ikirudi, umeshajua kwamba wa njano ndio mbovu, bila kununua kitu.

(iii) Waya wa dishi ambao uzi wake unanasa kwenye sumaku ni wa bandia.
SI KWELI. Uzi huo ni chuma kilichovikwa shaba. Mawimbi ya masafa ya juu hupita kwenye ngozi ya uzi, yaani kwenye shaba, kwa hiyo yanapita vizuri. Udhaifu wake ni kwamba ukinzani wake kwa umeme wa moja kwa moja ni mkubwa kuliko wa shaba tupu. Ujue hivyo unapopima.

(iv) TV ikiandika kwamba hakuna mawimbi, maana yake TV imekufa.
SI KWELI. TV iliyokufa haiandiki kitu. Maandishi hayo ni ushahidi kwamba skrini na sehemu kubwa ya saketi ni nzima. Tatizo liko kabla ya tundu, kwenye tundu lenyewe, au kwenye chaguo la rimoti.

(v) King'amuzi kikitoa menyu safi lakini chaneli hazionekani, kwa kawaida kosa haliko kwenye HDMI.
KWELI. Menyu inatengenezwa ndani ya king'amuzi na imefika kwenye skrini kupitia HDMI. Njia ya kutoka king'amuzi hadi TV imejithibitisha yenyewe. Geukia waya wa dishi.

Swali la 5. Oanisha dalili na chanzo chake.

Dalili:
1. Picha nyeusi na nyeupe kupitia waya wa njano.
2. Picha ya projekta imepoteza wekundu, nyeupe imekuwa bluu-kijani.
3. Picha ya projekta imekuwa ya manjano.
4. Picha iko sawa, sauti ya sabufa inanguruma mfululizo.
5. Baadhi ya chaneli zipo, nyingine zote za kundi moja hazipo.

Chanzo:
A. Volti ya LNB haibadiliki inavyotakiwa.
B. Pini namba 1 ya VGA imepinda au imekatika.
C. Njano imechomekwa kwenye tundu la kijani linalosubiri aina nyingine ya picha, au mfumo wa rangi umechaguliwa vibaya.
D. Pini namba 3 ya VGA imepinda au imekatika.
E. Kuna njia mbili za ardhi zinazozungukana kati ya vifaa.

Jibu: 1-C, 2-B, 3-D, 4-E, 5-A.

Kumbuka: katika VGA pini 1 ni nyekundu, 2 ni kijani, 3 ni bluu. Rangi inayoonekana ni ile inayobaki. Ukikosa kijani, nyeupe inageuka zambarau-waridi. Usikariri kwa kichwa tu. Chora maduara matatu yanayopishana na uandike rangi zake.

SEHEMU B: KUTAFUTA KOSA KWA MPANGILIO

Swali la 6. Mteja amepiga simu: "Fundi, picha imekata." Orodhesha hatua utakazofuata kwa mpangilio, na utoe sababu ya kila hatua.

Jibu:
Hatua ya kwanza, uliza maswali kwenye simu kabla hujapanda bodaboda. Taa ya king'amuzi inawaka? TV inaandika nini? Nani amegusa mara ya mwisho, na alikuwa anafanya nini: kufagia, kuhamisha meza, kuchomeka flashi ya muziki? Matatizo mengi huishia hapa.

Hatua ya pili, mwombe abonyeze kitufe cha kuchagua tundu kwenye rimoti na apitie machaguo yote, akisubiri sekunde chache kila moja. Mtoto akibonyeza kitufe hicho kwa bahati mbaya, dalili yake ni ileile ya waya uliokatika.

Hatua ya tatu, ukiwa pale, zima vifaa, chomoa vichwa vyote viwili vya waya, vitazame, kisha virudishe kwa nguvu ya wastani. Kichwa kilicholegea ni kosa la kwanza kuondolewa kwa sababu halina gharama.

Hatua ya nne, gawanya njia. Chukua kifaa unachojua ni kizima, kwa mfano deki ndogo unayotembea nayo, ukichomeke kwenye TV kwa waya wako. Ikionyesha, TV ni nzima. Sasa tumia waya wa mteja na deki yako. Ikionyesha tena, waya ni mzima na mtuhumiwa ni king'amuzi au tundu lake.

Hatua ya tano, badilisha kitu kimoja tu kila mara na uandike ulichokibadilisha.

Kosa la watahiniwa: kubadilisha waya na tundu kwa wakati mmoja. Picha ikirudi hujui ni kipi kilichokuwa kibovu, na waya mzima unatupwa.

Swali la 7. HDMI imechomekwa pande zote, vifaa vyote vinawaka, lakini skrini ni nyeusi. Eleza mazungumzo yanayofanyika ndani ya waya kabla ya picha kutokea, na uoneshe mahali yanapoweza kukwama.

Jibu: Picha ya HDMI haimwagiki tu kama maji kwenye bomba. Kwanza vifaa husalimiana. King'amuzi hupeleka volti 5 kupitia pini 18. TV ikizipata, hujibu kupitia pini 19 kwamba ipo. Hapo king'amuzi husoma taarifa za TV kupitia pini 15 na 16: ukubwa wa picha inaoweza kupokea, aina za sauti inazozielewa. Kisha, kwa vipindi vilivyolindwa, vifaa hubadilishana funguo za ulinzi wa kunakili. Baada ya hayo ndipo picha inapita katika pini 1 hadi 12.

Kwa hiyo waya unaweza kuwa na njia zote za picha nzima kabisa na bado skrini ikawa nyeusi, kwa sababu pini moja ya salamu imekatika. Na ndiyo maana kuzima vifaa vyote ukutani, kusubiri kama dakika moja, kisha kuwasha TV kwanza na king'amuzi baadaye, huponya skrini nyingi: unavilazimisha visalimiane upya. Spilita isiyopitisha funguo za ulinzi nayo huleta weusi. Iondoe kwenye njia unapopima.

Swali la 8. (Hesabu) Picha ya kawaida ya HDMI yenye mistari 1080 huenda kwa mipigo milioni 148.5 kwa sekunde. Kila mpigo hubeba biti 10 kwenye kila moja ya njia tatu za rangi. Tafuta jumla ya biti kwa sekunde, kisha ueleze maana yake kwa fundi.

Jibu: 148,500,000 × 10 × 3 = 4,455,000,000, yaani takriban biti bilioni 4.5 kwa sekunde. Picha ya 4K kwa fremu 60 huhitaji mara nne ya hapo, karibu bilioni 17.8, ndiyo sababu toleo la HDMI 2.0 la mwaka 2013 liliwekewa uwezo wa bilioni 18.

Maana yake: waya uliofanya kazi miaka mitano kwenye flati ya zamani unaweza kuanza kumetameta siku mteja anapoleta flati ya 4K. Waya haujaharibika, umebebeshwa mzigo mkubwa zaidi. Kabla ya kumtuma mteja mjini, ingia kwenye mipangilio ya kifaa na uishushe picha hadi 1080. Vidoti vikiisha, umeshapata jibu bila kununua kitu.

Swali la 9. Mteja ameunganisha sabufa ya homu thieta na TV kwa HDMI. Picha ipo, sauti inatoka kwenye TV lakini haitoki kwenye sabufa. Toa sababu tatu.

Jibu: (a) Waya haukuchomekwa kwenye tundu lililoandikwa ARC. Kwenye TV nyingi ni tundu moja tu lenye uwezo wa kurudisha sauti, na uwezo huo ulianza na toleo la HDMI 1.4 la mwaka 2009. (b) TV bado imeagizwa kutumia spika zake za ndani. Badilisha kwenye menyu ya sauti. (c) Vifaa haviruhusiwi kuamrishana, yaani mawasiliano ya pini 13 yamezimwa kwenye mipangilio. Kama vyote vitatu viko sawa na bado kimya, tumia waya wa kawaida wa nyeupe na nyekundu kupima kama sabufa yenyewe inatoa sauti.

Swali la 10. Sabufa inanguruma mfululizo na mistari hafifu inapanda kwenye picha ya analojia. Utajuaje kama chanzo ni njia mbili za ardhi, na utaondoaje?

Jibu: Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na ngurumo nzito ya sauti hiyo ni alama ya vidole vyake. Chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi huku sabufa ikinguruma. Ikinyamaza papo hapo, dishi lina njia yake ya ardhi na vifaa vya ndani vina yao, na mkondo mdogo unazunguka kupitia wavu wa waya. Dawa: vifaa vyote vipate umeme kwenye ekstensheni moja, na nguzo ya dishi iunganishwe na ardhi ileile ya nyumba. Ikiwa ngurumo inakuja tu saa ambazo mashine ya kusaga au ya kupasua mbao ya jirani inafanya kazi, andika saa hizo; huenda waya hauna kosa.

Onyo: mtahiniwa atakayeandika "kata pini ya ardhi ya plagi" hapati alama. Ngurumo itaisha, lakini umemwondolea mteja kinga yake.

Swali la 11. Kwa nini tunasisitiza kuzima umeme ukutani kabla ya kuchomeka HDMI?

Jibu: Vifaa vingi vya plagi ya pini mbili havina njia ya ardhi, na chuma chao hubaki na volti ya kuelea. Mkono ukipita juu ya fremu unasikia mwasho kama wa kiwavi. Mkondo ni mdogo kwa mtu, lakini ukipita kwenye pini nyembamba ya HDMI wakati wa kuchomeka unaweza kuua tundu. Waya mpya hauwezi kuponya tundu lililokufa.

SEHEMU C: VISA

Swali la 12. (Alama 20) Kisa cha nyumba ya Mdandu.
Ni Machi, mvua za tangu Novemba hazijaisha. Dishi liko kwenye nguzo nyuma ya nyumba, waya ni mita 40, na kuna kiungio kimoja mita 3 kutoka kwenye LNB. King'amuzi hupeleka volti 13 kwa kundi moja la chaneli na volti 18 kwa kundi lingine. Mteja anasema: "Shikamoo fundi. Chaneli nyingine zipo, za mpira hazipo. Mwanangu ameniambia waya umezeeka, ninunue mwingine wote." LNB inavuta miliampia 150. Kwa waya huu, ukinzani wa uzi wa katikati ni omu 10 kwa mita 100, na wa wavu ni omu 3 kwa mita 100.

(a) Tafuta volti zinazopotea kwenye waya ukiwa mzima.
Jibu: Umeme hupanda kwenye uzi na kurudi kwenye wavu, kwa hiyo tunajumlisha: 10 + 3 = omu 13 kwa mita 100. Kwa mita 40 ni 13 × 0.4 = omu 5.2. Volti zinazopotea ni 0.15 × 5.2 = 0.78. Volti 18 zinafika kama 17.2. Hiyo inatosha kabisa. Urefu wa waya hauna hatia.

(b) Utapimaje ukweli wa hesabu hiyo?
Jibu: Chomoa king'amuzi kwenye umeme. Chomoa waya pande zote mbili. Kwanza pima kati ya uzi na wavu: multimita isilie. Ikilia, kuna shoti. Kisha nenda upande wa dishi, unganisha uzi na wavu kwa klipu. Rudi ndani upime tena: unatarajia karibu omu 5. Tuseme multimita inasoma omu 25.

(c) Omu 20 za ziada zinafanya nini?
Jibu: Volti zinazopotea sasa ni 0.15 × 25.2 = 3.78. Volti 18 zinafika kwenye LNB kama 14.2. LNB imetengenezwa kuelewa kwamba volti za karibu 13 ni kundi moja na za karibu 18 ni lingine. Kwa 14.2 inadhani umeiomba kundi la kwanza. Ndiyo maana nusu ya chaneli zimetoweka na nusu nyingine ziko salama. Dishi halijahama. King'amuzi hakijafa. LNB imesikia vibaya.

(d) Omu 20 ziko wapi?
Jibu: Gawanya njia. Fungua kiungio. Pima kipande kirefu cha mita 37 peke yake, ncha ya mbali ikiwa imefungwa kwa klipu: kwa hesabu, 13 × 0.37 ni karibu omu 4.8. Ikiwa inasoma hivyo, mita 37 ni nzima. Tatizo limebanwa kwenye kiungio na mita 3 za mwisho. Hapo kata kichwa na ukitazame kwa karibu. Uzi wa shaba uliotakiwa kung'aa umevaa ukungu wa kijani. Wavu umekuwa mweusi na unakatika ukiukwaruza kwa ukucha. Ukikikamua kichwa, tone la maji linatoka. Waya mara nyingi hufa vichwani kabla ya kufa katikati.

(e) Mshauri mteja.
Jibu: Asinunue mita 40. Anahitaji vichwa vipya na mita chache za waya wa upande wa dishi.

Swali la 13. (Vitendo) Eleza namna ya kufunga kichwa kipya cha waya wa dishi ili kisirudie kosa lilelile.

Jibu:
1. Kata waya hadi ufikie shaba inayong'aa. Usihurumie sentimita kumi.
2. Menya ngozi ya nje kwa kuzungusha kisu bila kukandamiza. Ukikata nyuzi za wavu, kata waya uanze upya.
3. Kunja wavu wote kurudi nyuma juu ya ngozi. Hata unywele mmoja ukibaki mbele na kugusa uzi wa katikati, ni shoti, na king'amuzi kitaandika onyo la LNB.
4. Menya plastiki nyeupe bila kukwaruza uzi. Kwenye uzi wa chuma uliovikwa shaba, mkwaruzo mmoja unafungua mlango wa kutu.
5. Skrubu kichwa hadi plastiki nyeupe ionekane imekaa sawa na sakafu ya ndani ya kichwa. Uzi utokeze milimita 2 hadi 3 kupita ukingo. Ukiwa mfupi haugusi. Ukiwa mrefu unasukuma na kuvunja sehemu ya ndani ya tundu.
6. Pima kwa multimita kabla hujapanda ngazi.
7. Kwenye LNB, zungushia tepu ya mpira kuanzia chini kwenda juu, ili mikunjo ishuke kama vigae na maji yateleze.
8. Acha kitanzi cha waya kinachoning'inia chini kuliko LNB na chini kuliko tundu la ukutani. Maji yatafuata waya hadi chini ya kitanzi na kudondoka hapo, hayataingia ndani.

Nyongeza kwa nyanda za juu: Mdandu na Njombe, usiku wa Juni na Julai baridi huacha umande hata mahali ambapo mvua haijafika. Kichwa kisicho na tepu kinaweza kuingiza maji kiangazi.

Swali la 14. Kisa cha kibanda umiza, Makambako.
Ni siku ya Simba na Yanga. Benchi zimejaa tangu mchana. Projekta imepata picha kwa HDMI ya mita 15 iliyopitishwa darini, na kila baada ya dakika chache skrini inazima sekunde mbili. Mwenye kibanda anasema, "Kijana wangu, zimebaki dakika 30." Utafanya nini sasa, na utafanya nini kesho?

Jibu: Sasa: shusha picha ya king'amuzi kutoka 1080 hadi 720. Data inapungua nusu, na waya unaosuasua hupata pumzi. Haitoshi? Sogeza king'amuzi hadi ilipo projekta na utumie HDMI fupi. Waya wa dishi unavumilia urefu kuliko HDMI. Bado? Rudi kwenye waya wa njano. Picha itakuwa na ukungu lakini goli litaonekana, na sauti ya sabufa haitakatika.

Kesho: panda darini na tochi. Tafuta waya uliokunjwa kwa kona kali kwenye boriti, uliobanwa kwa msumari, au wenye meno ya panya, hasa kama dari ni ghala la mahindi. Ukikuta ni mzima lakini mrefu, shauri njia ya kudumu: king'amuzi kikae karibu na projekta.

Kosa la watahiniwa: kuanza kufungua dari zikiwa zimebaki dakika 30. Mtihani huu unapima pia kama unajua kazi ya leo na ya kesho.

Swali la 15. Radi zinaanza kupiga. Mteja amechomoa plagi ya TV tu. Je, inatosha?

Jibu: Haitoshi. Dishi ni chuma kilicho nje na juu, na waya wake unaingia hadi ndani ya king'amuzi, na kutoka hapo HDMI inaendelea hadi TV na sabufa. Achomoe plagi zote na waya wa dishi, auweke mbali na vifaa. Afanye hivyo mawingu yakiwa mbali. Radi ikishafika juu ya nyumba, asiguse waya wowote.

Swali la 16. (La mwisho, na huja mara nyingi kwenye mahojiano ya vitendo) Umetembea hadi kwa mteja, ukabonyeza kitufe kimoja cha rimoti, picha ikarudi. Umlipishe nini, na umwambie nini?

Jibu: Mlipishe safari na muda wako, kwa kiasi mlichokubaliana kabla hujatoka. Usibuni ugonjwa. Mwambie, "Mama, waya wako ni mzima, kilichobadilika ni chaguo la tundu," kisha mpe rimoti abonyeze mwenyewe mara mbili mbele yako. Kama kazi ilikuwa ya kichwa kilichooza, mwachie mezani kile ulichokikata. Akishaushika ukungu wa kijani kwa mkono wake, ataelewa kwa nini hukumuuzia mita 40, na atazitazama tepu za dishi lake mwenyewe kabla mvua za Novemba hazijarudi.